Nani Atapiga ya Kwanza

Nairobi
3 Juni 2024

Dada Kadzo,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hainipokei tangu Februari. Nilidhani ni mtandao wa Kaloleni, hadi Idah akaniambia ulinifungia namba kwa mkono wako mwenyewe. Usimgombeze mwanao, nilimbana mpaka akasema.

Natumai u mzima. Mama anaendeleaje na goti lake? Bado anakataa ile fimbo? Mimi sijambo, ila huku baridi imeingia vibaya. Watoto ninaowafundisha fidla wanakuja na glavu, na mimi asubuhi vidole vinakataa kukunjika hadi nivishikize kwenye kikombe cha chai.

Barua hii ni kwa sababu ya Mama. Amenipigia kusema Jumamosi ya tarehe 14 Desemba, Baba akitimiza mwaka, kutakuwa na ibada ya ukumbusho kanisani, na yeye hataki kwaya peke yake. Anataka ile sonata ya fidla mbili na besi. Ile iliyokuwa kwenye kitabu alichotuachia, pamoja na ala zake, yule mama Mwitaliano wa Malindi alipokuwa akirudi kwao. Tuipige kama tulivyokuwa tukiipiga kila Krismasi: mimi ya kwanza, wewe ya pili, Mama kwenye kinanda cha kukanyaga. Besi ya Baba anasema ataibeba kwa mkono wake wa kushoto, na sello, ile fidla kubwa aliyokuwa akiipakata, tuiegemeze kwenye kiti chake.

Utakubali? Najua umenikasirikia. Sijui ni kwa lipi hasa.

Na kuna jambo nimekuuliza mara mbili, siku ya mazishi na baada yake, hukunijibu. Siku zile za mwisho mimi nikiwa huku, Baba alisema nini? Mama anasema aliyekuwa naye ni wewe, nikuulize wewe.

Mdogo wako,
Phoebe


Kaloleni
1 Julai 2024

Phoebe,

Marahaba. Barua yako ilifika Mariakani tarehe ilipofika, kisha ikalala siku kumi na moja kwenye ofisi ya vifurushi vya basi kwa sababu Mwambire, karani wa hapo, aliweka gunia la vitunguu la mtu juu yake. Ninayo sasa, inanuka vitunguu.

Sisi wazima. Mama fimbo anaitumia kufukuzia mbuzi, kutembelea hataki. Idah amechaguliwa nahodha wa netiboli na tangu siku hiyo anatuamuru mpaka sisi. Muhogo umetoka vizuri. Darasa langu la tano lina watoto sitini na nane, na mkuu wa shule ameniongezea kwaya juu yake, kwa sababu mimi ni mtoto wa Mwalimu Jefwa na watu wanaona muziki tumezaliwa nao kama masikio.

Sasa tuje kwa lako. Nitapiga. Mama akitaka jambo mimi sijui kukataa, ndiyo maana niko hapa na wewe uko huko. Lakini safari hii ya kwanza ni yangu.

Soma tena ukitaka. Ya kwanza ni yangu, wewe utapiga ya pili.

Nilikuwa na miaka kumi na sita na wewe kumi na mmoja Baba alipotugawia zile karatasi alizonakili kwa mkono, kwa do-re-mi kama nyimbo za kwaya, maana hizo nota za mistari mitano sisi hatukuwa tukizisoma. Yako ilikuwa imeandikwa Sauti ya Kwanza, yangu Sauti ya Pili. Nikaichukua. Nilidhani tutabadilishana mwaka unaofuata. Nina arobaini sasa, Phoebe. Miaka yote hiyo wewe unapanda juu na mimi niko chini nakushikia ngazi, na ukishuka watu wanakupigia makofi wewe. Hakuna hata pahali pamoja kwenye karatasi yangu ninapokupita. Hata pamoja. Nimepatafuta.

Unasema hujui kosa lako. Basi nitakuambia. Nilimwosha Baba miezi minne. Nilimlisha, nilimgeuza, nilijifunza kumkata kucha bila kumuumiza. Wewe ukashuka kwenye basi asubuhi ya mazishi na fidla mgongoni, ukasimama kaburini, ukapiga ile Sauti ya Kwanza peke yako, na kanisa zima likalia. Mpaka leo nikienda sokoni naambiwa, yule mdogo wako alivyomlilia baba yenu kwa fidla, jamani. Halafu Februari ukanitumia ile video kwenye simu, eti nijionee. Nilijionea. Nilikuwa nyuma yako nimeshika mwavuli wa Mama.

Nina wivu. Neno lenyewe ndilo hilo, nimekuandikia usije ukahangaika kulitafuta.

Kile kitabu kililiwa na mchwa zamani, kwa hiyo karatasi ya kwanza ni hiyo hiyo uliyoondoka nayo. Iweke kwenye basi.

Dada yako,
Kadzo


Nairobi
22 Julai 2024

Dada Kadzo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Idah. Mwambie shangazi... mwambie mama mdogo anampongeza, nimezoea kuitwa shangazi na watoto wa wenzangu huku mpaka najisahau.

Ya kwanza ichukue. Nitapiga ya pili. Sina neno.

Ila karatasi ya Baba naomba uniachie. Ni mwandiko wake, na ndicho kitu chake pekee nilicho nacho huku. Badala yake nimekuwekea ya kuchapwa, sauti ya kwanza yote, vipande vyote vinne, nimeipata kwenye maktaba moja hapa mjini. Ni nota za mistari, lakini Mama anazisoma, alifundishwa na masista akiwa msichana. Atakuonyesha.

Kuna jambo ningependa kukueleza kuhusu nota hizo. Si la kuandika. Tutaongea nikija.

Kuhusu video, nisamehe. Nilidhani utapenda kuwa nayo.

Hukunijibu lile swali langu. Nauliza tena kwa upole. Alisema nini?

Phoebe


Kaloleni
30 Agosti 2024

Phoebe,

Marahaba. Mama hajambo. Amekanyaga kinanda wiki tatu mfululizo, goti limevimba, na anasema ni goti lake na atalivimbisha apendavyo. Mbuzi mmoja amezaa pacha.

Kwanza niseme hili. Uliponiandikia "ya kwanza ichukue, sina neno," nilikasirika kuliko kama ungekataa. Umenipa kama mtu anavyotoa gauni lililombana. Nimeitamani miaka ishirini na minne, na wewe ukaitoa kwa mstari mmoja, katikati ya salamu na maktaba.

La pili ndilo kubwa. Likizo hii nimekaa na Mama kila asubuhi baada ya kukamua, akinionyesha nota mstari kwa mstari, mimi mwalimu mzima nikihesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaanza kuipiga. Mwanzo nikaona sawa, hii ni ile yako, naijua, nimeisikia vya kutosha. Halafu nikafika katikati ya ukurasa, ikateremka. Ikawa ni yangu. Ile ile ya pili ninayoipiga tangu msichana, neno kwa neno. Nikaendelea, ikapanda ikawa yako tena, ikateremka ikawa yangu. Kile kipande cha polepole, karibu chote ni changu.

Nimeziweka karatasi mbili mezani, hiyo yako na yangu ya Baba, nikapiga alama kwa kalamu nyekundu. Nusu nzima ya hiki ulichoniletea ninacho tayari.

Umenichanganyia, Phoebe. Umekaa huko na watu wako wanaojua kompyuta, ukachukua vipande vitamu vya juu ukavitoa, ukaviweka kwenye hiyo ya pili utakayopiga wewe, halafu ukanichapia hii na kuandika juu yake Ya Kwanza ili ninyamaze. Nimekuomba kitu kimoja maishani nikiwa mtu mzima. Kimoja. Hata hicho umekikata nusu ukabaki na nusu iliyonona.

Nilitaka kuipeleka barua hii ikiishia hapo. Lakini Mama amekanyaga kinanda kufuata zile namba zilizo chini ya besi yake, zile za kumwambia vidole vingine viende wapi, na anasema karatasi yako na namba zake zinakubaliana, hazigongani hata mahali pamoja. Anasema nikuulize kabla sijakutukana. Nimekutukana kwanza, sasa nauliza. Hii ni nini?

Kadzo


Nairobi
6 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Sikuwa mgonjwa, na basi halikuchelewa. Nilikuwa natafuta namna ya kuliandika hili nikaonekana mzuri, na haipo.

Sikuchanganya kitu. Hiyo uliyo nayo ndiyo sauti ya kwanza ya kweli, alivyoiandika mtunzi wake. Aliyechanganya ni Baba.

Unakumbuka alivyokuwa kwenye kwaya. Sauti ya kwanza wako juu, ya pili wako chini yao, na mtu wa pili akijaribu kupita juu ya wa kwanza anagongwa kwa kijiti. Alikijua kitu hicho kama alivyojua jina lake. Sasa kwenye sonata hizi fidla mbili ziko sawa, Dada. Zinapishana. Huyu anapanda, mwenzake anashuka, halafu wanabadilishana. Baba alipokuwa akinakili akaona ya pili imepita juu ya ya kwanza, akafikiri mchapaji amekosea. Akanyoosha. Kila kilichokuwa juu akakiandika kwenye karatasi yangu, kila kilichokuwa chini akakiandika kwenye yako. Ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko ule wake mzuri. Hakukusudia kukudhulumu. Alidhani anasafisha.

Namba za Mama haziguswi na hayo, kwa sababu sauti ni zile zile, zimebadilisha watu tu.

Hilo ni la Baba. Langu ndilo hili. Nimelijua tangu 2017. Nilialikwa na wenzangu kupiga sonata nyingine ya namna hiyo, nikapewa ya pili, nikaudhika. Nikaifungua nikaona inapita juu ya ya kwanza kila mara. Siku hiyo hiyo nikaitafuta ile yetu maktaba. Nikakaa sakafuni kati ya rafu nikasoma sauti yako, ya kweli. Ni nzuri sana. Pengine ni nzuri kuliko ya kwanza.

Nikaja nyumbani Krismasi ile na nakala kwenye begi, sikuitoa. Na Krismasi iliyofuata. Nilijiambia Baba ataaibika. Nilijiambia utasumbuka kujifunza upya. Ukweli ni kwamba nyumbani kwetu mimi nina kitu kimoja tu, nacho ni kule juu. Wewe una vyote. Una Mama, una shamba, una kiti chako mezani, kila mtu Kaloleni anajua mlango wako. Ulikuwa naye mwisho. Umemkata kucha. Unaniandikia hilo kama mzigo, na mimi nikisoma nataka kurarua karatasi kwa wivu. Unadhani wivu ni wako peke yako?

Nilikuja mazishini na fidla kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa.

Nimekuwekea humu sauti ya pili yote, ya kuchapwa. Chagua uitakayo. Nami nitapiga itakayobaki.

Phoebe


Kaloleni
19 Oktoba 2024

Phoebe,

Nimepata. Mama nimemwambia.

Usiniandikie.

Kadzo


Nairobi
4 Novemba 2024

Dada Kadzo,

Shikamoo. Ulinikataza, najua, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Nimekata tiketi ya basi ya tarehe 12 Desemba, nishuke Mariakani asubuhi ya tarehe 13. Ukinitumia neno kupitia kwa Idah kwamba nisije, nitairudisha, na sitamwambia Mama sababu.

Swali langu nimeliacha. Sina haki ya kukuuliza.

Phoebe


Kaloleni
29 Novemba 2024

Mdogo wangu Phoebe,

Marahaba, za Oktoba na za Novemba kwa pamoja.

Sisi hatujambo. Mvua za vuli zimeharibu paa la jikoni, fundi anakuja Jumatatu. Idah amefungwa netiboli na shule ya Kikambala na hataki kuliongelea jambo hilo. Mama amekubali fimbo, mradi isiwe mbele za watu. Kinanda tumekitoa vumbi, sauti mbili zilizokuwa zikikwama Mama amezirekebisha kwa sindano ya kushonea na maneno ambayo sikujua anayajua.

Krismasi sita, Phoebe. Ulikuja hapa Krismasi sita na sauti yangu ikiwa kwenye begi lako, ukala pilau yangu, ukakaa kwenye mkeka wangu, ukaondoka nayo. Nimekukasirikia hadi nikaishiwa. Kisha nikamkasirikia Baba, nikaona haya, nikamkasirikia tena. Wiki nzima sikupita karibu na lile kaburi. Mama akasema mtu yule alikuwa akinyoosha hata sukari kwenye kikombe, nimlaumu kwa lipi. Nilicheka bila kutaka.

Halafu nikaichukua fidla. Nimechagua, Phoebe. Nitapiga ya pili. Ya pili ni yangu, na usiiguse. Ile ya kwanza yako nimeirudisha humu kwenye bahasha, ina alama zangu nyekundu, utavumilia. Kipande cha polepole ya pili ndiyo inaanza, mstari mzima peke yangu, wewe umekaa umeshusha upinde unanisikiliza. Kipande cha mwisho nakupita mara tisa, nimezihesabu. Usijaribu kunifunika kwa sauti kubwa kama ulivyozoea. Na unaposhuka chini yangu unishikie vizuri, kwa maana mimi nilikushikia vizuri miaka yote, hakuna siku niliyokuangusha.

Namba yako nimeifungua. Lakini usinipigie, sijawa tayari kuisikia sauti yako. Njoo tu.

Sasa swali lako. Nimelikwepa kwa sababu jibu lake liliniumiza, na nikaona ukilipata wewe litakufurahisha, na sikutaka ufurahi. Huo ndio ubaya wangu, uuweke kando ya ule wako.

Wiki mbili za mwisho Baba hakunijua. Kila nilipompelekea kijiko mdomoni aliniita Phoebe. "Phoebe, umekuja?" Siku za kwanza nilimsahihisha. Ni Kadzo, Baba. Anatikisa kichwa, ananitazama vizuri, halafu: "Phoebe, umekuja?" Mama alikuwa akisikia, anatoka nje. Mimi ndiye niliyemgeuza, mimi ndiye niliyemwosha, na mikono yote ile ilikuwa yako.

Jumatano, siku moja kabla hajafa, akauliza tena. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, ndiyo Baba, nimekuja.

Uso wake ukafunguka. Akatafuta mkono wangu, akaushika, akasema kwa sauti ile ya kuamrisha kwaya, "Vizuri. Basi mwite na dada yako, tuanze."

Nikasimama nikaenda mpaka mlangoni. Nikaita, "Kadzo." Nikaita mara mbili, ili asikie kwamba nimeita. Kisha nikarudi nikakaa kando yake, nikamwambia tupo wote.

Nilimwambia hivyo na hukuwepo. Tarehe 13 nitakuwa Mariakani asubuhi mapema, mbele ya ofisi ya Mwambire. Ushuke, nisibaki nimemdanganya.

Dada yako,
Kadzo